Mamlaka ya maji inaomba kupandisha bei ili ibadilishe mabomba: tudai nini kwenye taftishi?

Dira Mbovu aliuliza:

Wakuu, habari zenu.

Mamlaka ya maji ya mji wetu imepeleka maombi EWURA (mdhibiti wa nishati na maji) ya kupandisha bei, na mkutano wa taftishi, yaani wa kusikiliza maoni ya wananchi, unakaribia. Bei ya sasa ya majumbani ni shilingi 1,500 kwa uniti (lita 1,000), wanaomba 1,900. Sababu wanayotoa ni mkopo wa shilingi bilioni 1.2, miaka 10, riba asilimia 13.5, wa kubadilisha bomba kuu lililochakaa, kufunga dira (mita) mpya na kujenga tangi.

Takwimu za kwenye maombi yao, nimezizungusha ili hesabu isituchoshe: wanazalisha uniti 100,000 kwa mwezi, wanauza 60,000. Wateja ni 6,000. Gharama za uendeshaji ni milioni 90 kwa mwezi. Maji yanatoka siku nne kwa wiki.

Hakuna anayekataa kwamba bomba limechoka. Lakini nyumba inayotumia uniti 10 itatoka 15,000 mpaka 19,000 kwa mwezi, na wapo watakaoshindwa. Kusema tu "bei isipande" EWURA hawatatusikiliza. Tuulize nini, na tupendekeze nini badala yake? Kuna wanaosema tudai bei ya madaraja, anayetumia kidogo alipe kidogo. Ni wazo zuri?

---

Kapu la Hesabu alijibu:

Mkuu, umeleta takwimu, basi tuzitumie.

Gharama zote hugawanywa kwa maji *yaliyouzwa*. Yaliyozalishwa hayahesabiwi hapo. Milioni 90 kwa uniti 60,000 ni 1,500, ndiyo bei yenu ya leo. Kwa hiyo ndani ya kila uniti mnayolipa kuna gharama ya maji yaliyomwagika njiani au kunywewa bila kulipiwa.

Sasa mkopo. Bilioni 1.2 kwa asilimia 13.5, miaka 10, marejesho sawa kila mwaka: unazidisha kwa 0.188, unapata kama milioni 225.6 kwa mwaka, au milioni 18.8 kwa mwezi. Gawa kwa uniti 60,000: shilingi 313. Ukijumlisha na 1,500 unapata 1,813. Wao wanaomba 1,900. Hizo 87 zinakwenda wapi?

Hili ndilo swali la kwanza la taftishi, na nina wasiwasi jibu ni uchakavu, yaani gharama ya bomba kuchakaa ikigawanywa kwa miaka ya kutumika kwake. Chukua bilioni 1.2, gawanya kwa miaka 20, ni milioni 60 kwa mwaka, milioni 5 kwa mwezi, shilingi 83 kwa uniti. Inakaribia mno 87. Ikiwa wameweka kwenye bei marejesho ya mtaji wa mkopo *na* uchakavu wa bomba lile lile lililonunuliwa kwa mkopo huo, mnalipia bomba moja mara mbili. Mtu wa fedha atasema uchakavu ni akiba ya kununua bomba lingine miaka ijayo. Sawa, lakini basi aonyeshe akaunti ambayo akiba hiyo inakaa, na aeleze kwa nini miaka 20 wakati bomba la plastiki lililolazwa vizuri husanifiwa kwa miaka 50. Vivyo hivyo kwa chochote kilichojengwa kwa ruzuku ya serikali: mteja hapaswi kutozwa gharama ambayo mamlaka haikuilipa.

Jambo la pili ni muda wa mkopo. Bomba litafanya kazi miaka 50, deni linaisha miaka 10, maana yake wateja wa leo wanawanunulia wateja wa kesho. Riba ile ile ya 13.5 ikienda miaka 20, marejesho yanashuka mpaka 244 kwa uniti. Fedha nafuu ya asilimia 5 kwa miaka 20 ingekuwa 134 tu. Tofauti ya 313 na 134 haina uhusiano wowote na ufundi wa bomba.

Jambo la tatu, na ndilo kubwa: upotevu ukishuka kutoka asilimia 40 mpaka 25, wanauza uniti 75,000. Milioni 90 kwa 75,000 ni 1,200. Mkopo unakuwa 251. Jumla 1,451. Yaani mradi wote unalipika na bei inashuka chini ya ya leo.

---

Zoni Nne alijibu:

Kapu, hesabu ni safi ila hiyo 1,451 isipelekwe kwenye mkutano kama ilivyo, watakukamata.

Maji yanayopotea ni ya aina mbili na hayana thamani moja. Kuna yanayomwagika ardhini, na kuna yanayofika kwa mtu ila hayalipiwi: dira zilizozeeka zinazosoma chini, laini za kujiunganishia kinyemela, wateja ambao hawamo kwenye daftari. Ukirekebisha aina ya pili, kila uniti inaleta bei kamili, shilingi 1,500. Ukiziba aina ya kwanza, unachookoa moja kwa moja ni umeme na dawa za kutibu maji tu, tuseme shilingi 400 kwa uniti, *isipokuwa* kuna mtu anayesubiri kununua maji hayo. Kwenu maji yanatoka siku nne kwa wiki, kwa hiyo wanunuzi wapo. Mji wenye maji saa 24 usingeweza kutumia hesabu ya Kapu.

Pia asilimia 15 haishuki kwa mwaka mmoja. Phnom Penh ya Kambodia ilikuwa inapoteza asilimia 72 mwaka 1993 na ikafika karibu asilimia 6 mwaka 2008, lakini hiyo ni miaka 15 ya kazi isiyolala, kila mteja akiwa na dira. Kwa mji wa wateja 6,000, kutoka 40 mpaka 32 ndani ya miaka mitatu ni lengo ambalo fundi mzuri atakubali kusaini. Uniti 68,000 zikiuzwa: 1,324 za uendeshaji, 276 za mkopo, jumla 1,600. Hiyo ndiyo namba ya kubishania.

Namna ya kufika huko. Mji unagawanywa kwa zoni za nyumba 500 hivi, nyinyi mtapata zoni 12. Kila zoni inafungwa valvu za mipakani ili maji yaingie kwa njia moja, na hapo panafungwa dira kubwa. Valvu za zamani hazifungi vizuri, na hapa ndipo wengi hukosea: wanapima zoni ambayo inavuja kwenda zoni jirani, halafu takwimu zinawadanganya. Dawa yake ni kufunga njia ya kuingilia usiku kwa nusu saa na kutazama geji ya presha. Isiposhuka, kuna mlango mwingine uko wazi.

Halafu unasoma dira kubwa kati ya saa nane na saa kumi usiku, siku ambayo zoni ina maji. Chukua mfano: zinaingia uniti 10 kwa saa. Matumizi halali ya usiku kwa nyumba 500 ni kama lita 2 kwa nyumba kwa saa, yaani uniti 1. Penye mgao matangi ya juu hujaa usiku, ongeza uniti 2. Zinabaki 7 ambazo zinavuja. Mchana presha huwa chini kidogo kwa hiyo usizidishe kwa 24, zidisha kwa 20: uniti 140 kwa siku yenye maji, na kwa siku nne za kila wiki ni kama 2,400 kwa mwezi. Zoni moja tu, na hiyo ni kama asilimia 6 ya upotevu wenu wote wa uniti 40,000. Kuanzia hapo unajua pa kupeleka koleo.

Na mara nyingi koleo haliendi kwenye bomba kuu. Bomba kuu likipasuka barabara inafurika na simu zinapigwa, linazibwa siku hiyo hiyo. Maji mengi hupotea kwenye laini ndogo za kuingia majumbani: kiungo kinachokaa juu ya bomba kuu, kona iliyokazwa kwa uzi badala ya tepu, bomba la nusu inchi lililofukiwa sentimita 20 likapitiwa na magari. Tundu dogo linalotoa lita 5 kwa dakika bila kukatika hupoteza zaidi ya uniti 200 kwa mwezi, na linaweza kukaa miaka likiwa kimya kwenye mchanga. Kwa hiyo kwenye taftishi ulizeni: katika bilioni 1.2, laini za majumbani zimetengewa kiasi gani? Bomba kuu jipya linapandisha presha, na presha mpya ikikutana na laini ndogo chakavu, upotevu unaongezeka. Presha ikitoka baa 6 kushuka 4, uvujaji kwenye mtandao wa mabomba mchanganyiko hupungua kama theluthi. Ikipanda, ni kinyume chake. Valvu ya kupunguza presha kwenye mlango wa zoni igharimiwe pamoja na bomba, isiachwe "awamu ya pili".

Kuhusu dira mpya, jambo ambalo nadra kutajwa. Nyumba zetu nyingi zina tangi la plastiki juu lenye boya. Boya linapokaribia kufunga, maji hupita kwa uzi mwembamba, na dira ya kawaida iliyochoka haioni uzi huo, gurudumu halizunguki kabisa. Tangi linajaa polepole usiku kucha na dira imelala. Wakinunua dira 4,000 za bei rahisi zisizosoma mtiririko mdogo, baada ya miaka michache tutarudi palepale. Waulizeni zinaanza kusoma kwenye lita ngapi kwa saa.

---

Mwambao254 alijibu:

Naongezea kutoka Kenya, kuhusu bei ya madaraja. Huku imezoeleka: uniti 6 za kwanza ni bei ya chini, zinazofuata zinapanda. Inaonekana ya haki mpaka uifikishe kwenye ploti ya vyumba vya kupanga.

Tuseme mmepanga hivi: uniti 5 za kwanza shilingi 1,000, kuanzia ya 6 mpaka ya 15 shilingi 1,600, juu ya hapo 2,200. Familia moja yenye mita yake ikitumia uniti 5 italipa 5,000. Sasa nyumba ya wapangaji sita, mita moja, kila mpangaji uniti 5. Jumla 30. Tano za kwanza 5,000, kumi zinazofuata 16,000, kumi na tano za juu 33,000. Jumla 54,000, kila mpangaji 9,000. Kwa bei yenu ya sasa angelipa 7,500! Na familia ya peke yake yenye matumizi ya uniti 10 italipa 13,000 badala ya 15,000. Mmemwongezea mpangaji wa chumba kimoja na mmempunguzia mwenye nyumba yake.

Mkitaka madaraja, dai liwe kwamba daraja la kwanza linazidishwa kwa idadi ya kaya zinazotumia mita hiyo. Kaya sita, uniti 30 za bei ya chini. Orodha ithibitishwe na serikali ya mtaa kila mwaka, na mwenye nyumba abandike nakala ya bili mlangoni, maana bila hiyo yeye ndiye atakayekula nafuu. Ofisi ya maji ikisema haiwezi kuhesabu kaya, afadhali bei moja kwa wote kuliko madaraja.

Na kumbukeni wasio na mita kabisa. Uniti moja ni ndoo 50 za lita 20. Anayenunua ndoo kwa shilingi 50 analipa 2,500 kwa uniti, anayenunua kwa 100 analipa 5,000, na wa mkokoteni wa 500 analipa 25,000. Ruzuku inayokaa ndani ya bili haimgusi huyu hata kidogo. Kinachomgusa ni gharama ya kuunganishiwa: ikatwe kwa awamu za miezi 12 hadi 24 kwenye bili badala ya kulipwa yote kabla. Kila anayeunganishwa anakuwa mnunuzi mpya, bei ya wote inapumua.

Afrika Kusini walianza mwaka 2001 kutoa lita 6,000 bure kwa kila kaya kwa mwezi, na manispaa nyingi baadaye zikabakisha nafuu hiyo kwa kaya maskini zilizoandikishwa tu, kwa sababu ya bure kwa wote lazima mtu ailipe. Chile wao bei ni kamili kwa kila mtu, halafu serikali kupitia manispaa inalipa sehemu ya bili ya kaya maskini kwa uniti za mwanzo. Uzuri wa Chile ni kwamba fedha haitoki mfukoni mwa jirani mwenye mita. Ubaya ni kwamba unahitaji daftari la kaya maskini linaloaminika.

---

Dira Mbovu aliandika:

Asanteni sana, hii ya wapangaji ilikuwa itupite. Sasa swali la mkopo wenyewe: kuna namna nyingine ya kupata bilioni 1.2? Na je, tukikubali kupandishiwa, nani anahakikisha hela haiishii kwenye posho na magari?

---

Kapu la Hesabu alijibu:

Kwanza, Zoni Nne yuko sahihi, nakubali kusahihishwa. 1,600 ndiyo namba.

Vyanzo. Upo Mfuko wa Taifa wa Maji, ambao sehemu ya fedha zake ni shilingi 50 kwa kila lita ya petroli na dizeli. Ombi la msingi ni kwamba tangi na bomba kuu, yaani vitu vikubwa visivyoleta mapato ya haraka, viombewe huko, na mkopo wa riba ya soko ubaki kwa dira na uzibaji wa uvujaji, kwa kuwa hivyo vinajilipa. Ikiwa nusu ya bilioni 1.2 itapatikana kwa ruzuku, mzigo wa mkopo unashuka kutoka 313 mpaka 157 kwa uniti.

Hatifungani, yaani kukopa kwa kuuza hati za deni kwa wawekezaji, pia imewezekana. Mamlaka ya Tanga ilitoa hatifungani ya kijani mwaka 2024, shilingi bilioni 53.12, miaka 10, riba asilimia 13.5, na wanunuzi walijitokeza kuzidi kiasi kilichoombwa. Lengo mojawapo ni kupandisha uzalishaji kutoka lita milioni 45 mpaka 60 kwa siku. Lakini msidanganyike: gharama za washauri, wanasheria na kuorodhesha sokoni ni zile zile kwa deni dogo na kubwa, kwa hiyo bilioni 1.2 ni ndogo mno kwa njia hiyo. Tena riba yake, kama mnavyoona, si ya msaada.

Kinachowezekana kwenye mkopo huu huu ni kuomba miaka miwili ya mwanzo walipe riba tu. Ni milioni 162 kwa mwaka, shilingi 225 kwa uniti. Bei ya mwaka wa kwanza inakuwa 1,725 badala ya 1,900, na miaka hiyo miwili ndiyo ya kuziba uvujaji. Lakini mtaji ukilipwa kwa miaka minane iliyobaki, marejesho yanapanda kidogo kuliko yale ya miaka 10, lazima waonyeshe jedwali lote mpaka mwisho. Pendekezo langu: 1,725 ifungwe miaka mitatu bila nyongeza nyingine, na ziada itakayopatikana maji yaliyouzwa yakipanda ilipe deni.

Na kabla ya hayo yote, ulizeni madeni ya taasisi. Kambi, shule, hospitali na ofisi za umma zinadaiwa kiasi gani, kwa miezi mingapi? Maji yaliyouzwa kwa mtu asiyelipa ni sawa na yaliyomwagika, tofauti ni kwamba haya yana bili. Dira za malipo ya kabla zianze kufungwa huko, si kwa mama wa chumba kimoja.

---

Zoni Nne alijibu:

Kuhusu nani anahakikisha: EWURA huambatanisha masharti kwenye agizo la bei. Msiombe "uwazi", ombeni vitu vinavyohesabika. Akaunti ya pekee ambayo shilingi 225 za kila uniti zinaingia, na taarifa ya benki ya akaunti hiyo inatolewa kila robo mwaka. Asilimia ya upotevu kwa kila zoni, si wastani wa mji, kwa sababu wastani unaficha zoni mbovu. Idadi ya dira zilizofungwa na muda wa wastani kati ya taarifa ya uvujaji na kuzibwa kwake. Halafu sharti lenyewe: upotevu usipofika 36 mwisho wa mwaka wa pili, ombi la kupandisha tena halipokelewi. Hoja ziwasilishwe kwa maandishi kabla ya mkutano, nakala kwa EWURA CCC, ambao kazi yao ni kusemea watumiaji. Mkutanoni dakika ni chache na maiki huwa haifiki nyuma.

Umeme nao upewe swali moja. Kupandisha uniti moja ya maji mita 100 kwenda juu kunahitaji kama yuniti 0.27 za umeme kinadharia, na pampu nzima hutumia kama 0.45. Wakikuambia wanatumia 0.8 kwa kimo hicho, pampu imechakaa au imenunuliwa kubwa kupita kiasi, na kuibadilisha kunajilipa kabla ya bomba lolote. Wateja wakubwa wa umeme hulipia pia kilele cha mahitaji ya mwezi. Pampu mbili zikiendeshwa pamoja siku moja tu bila sababu, mwezi mzima unalipiwa.

---

Mwambao254 alijibu:

La mwisho kwa nyumba yenyewe, kwa sababu sehemu ya bili kubwa iko ndani ya geti.

Funga bomba zote usiku, hakikisha tangi limejaa na boya limekata, soma mita mpaka tarakimu nyekundu, ambazo ni lita. Soma tena alfajiri kabla mtu hajatumia maji. Zikiwa zimesogea, kuna uvujaji. Kabla ya kuita fundi achimbe, angalia boya la tangi kama linamwaga kwenye bomba la kufurikia, kisha choo cha kuvuta: tia rangi kidogo ya chakula kwenye tangi la choo, subiri nusu saa bila kuvuta. Rangi ikionekana kwenye sinki la choo, mpira wa ndani umekwisha. Kinachopita hapo hakisikiki na kinaweza kufika uniti kadhaa kwa mwezi.

Penye mgao kuna na lalamiko la kulipia hewa. Si uzushi, hewa inayosukumwa mbele ya maji huzungusha mita kweli. Usifungue bomba lililo chini ya tangi pale maji yanapoanza kurudi, subiri sauti ya kupiga miluzi iishe kwanza. Lakini dawa halisi iko upande wa ofisi: valvu za kutoa hewa kwenye vilima vya laini, na kujaza bomba polepole. Ziandikwe kwenye ile bilioni 1.2. Hazifiki hata sehemu ndogo ya bei ya tangi.

---

Dira Mbovu aliandika:

Nimeandika maswali tisa kutokana na haya, la kwanza ni zile shilingi 87. Nikipata majibu yao ya maandishi nitayabandika hapa.